Mashine ya kulainisha maji haiondoi madoa ya meno

MAMA mmoja mkazi wa Kileleshwa alifika katika kliniki yangu hapa katikati ya jiji akiwa amemshika mkono bintiye wa miaka saba, huku kitinda mimba wa mwaka mmoja amelala mgongoni.

"Daktari, nimenunua mashine ya kulainisha maji, lakini meno ya huyu bado yana madoa," alisema.

Nilimwomba mtoto afungue kinywa. Meno ya mbele, yaliyotoka karibuni, yalikuwa na mistari ya kahawia. Muuzaji alikuwa amemhakikishia mama huyu kwamba mashine hiyo husafisha maji "kabisa". Si kweli.

Maji magumu ni yale yenye kalisiamu na magnesiamu nyingi. Sabuni haitoi povu, na birika huota tabaka jeupe kama chokaa. Ni kero kwa anayefua nguo, lakini hayamdhuru anayeyanywa. Ndani ya mashine mna chembechembe zilizobeba sodiamu. Maji yapitapo, kalisiamu na magnesiamu hunaswa, na sodiamu huingia majini mahali pao. Basi. Floraidi, ambayo ndiyo iliyotia madoa meno ya mtoto huyu, hupita kama ilivyoingia.

Maji ya bomba ya Nairobi, yatokayo milima ya Aberdare kupitia mabwawa kama Sasumua na Ndakaini, kwa kawaida ni laini. Shida ni mgao. Bomba likikauka, nyumba nyingi za ghorofa kuanzia Kilimani hadi Lavington hutegemea visima virefu vilivyochimbwa katika miamba ya volkeno, na vingi vyavyo vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Tena maji yenye floraidi nyingi mara nyingi huwa na kalisiamu kidogo, kwa hivyo hutoa povu zuri sana! Huwezi kuyajua kwa sabuni wala kwa ulimi.

Kuyachemsha huua viini, lakini floraidi hubaki, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea.

Wengine huniuliza kuhusu ile sodiamu. Maji yenye ugumu wa miligramu 200 kwa lita yakilainishwa huongezewa takriban miligramu 92 za sodiamu kwa kila lita. WHO inapendekeza mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku, kwa hivyo mwenye afya hana haja ya kuogopa. Lakini mgonjwa wa figo au wa moyo aliyekatazwa chumvi asiyanywe, wala yasikorogewe maziwa ya unga ya mtoto mchanga. Na kama ulinunua mashine kwa ajili ya ukurutu wa mtoto, utafiti uliofanywa Uingereza kwa watoto 336 na kuchapishwa mwaka wa 2011 haukuona nafuu yoyote ya ziada.

Kinachosaidia dhidi ya floraidi ni kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho kimetumiwa sana upande wa Nakuru, au mtambo wa kuchuja kwa utando. Vyote viwili huchoka, na vinahitaji kubadilishwa vifaa kwa wakati. Mvua ikinyesha, kinga maji ya paa safi, uyachemshe.

Binti nilimtuma kwa daktari wa meno, maana madoa hayo hayatoki kwa mswaki ingawa yanaweza kupunguzwa. Aliyenitia wasiwasi zaidi ni yule wa mgongoni. Meno yake ya kudumu yanaundwa sasa hivi ndani ya ufizi, na kazi hiyo huendelea hadi afikie miaka minane hivi. Nilimwambia mama maji ya kisima yafulie na kudeki, ya bomba ayaweke akiba ya kunywa na kupikia, na apeleke chupa ya maji hayo ya kisima kwa Mkemia wa Serikali kabla hajauziwa mashine nyingine.