Kabati Lenye Unyevu na Hita ya Umeme

Fungua kabati lako mwezi wa Aprili. Kama unakaa Tukuyu kama mimi, utapokewa na harufu ya ukungu. Huku Rungwe mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Koti la kanisani limeota madoa meupe. Viatu vimevaa kijani. Hati ya shamba na vyeti vya watoto vimenatana kama chapati.

Je, unyevu huo hutoka wapi? Hewa hubeba maji tusiyoyaona. Hewa yenye joto hubeba maji mengi, na hewa ya baridi hubeba kidogo. Usiku kabati linapopoa, hewa iliyomo hushindwa na mzigo wake, ikautua juu ya nguo. Ukiipasha joto kidogo, huubeba tena na kutoka nao. Kwa hiyo kabati halihitaji joto kali. Hita ndogo ya wati 40 au 60 yatosha. Lakini lazima kabati liwe na matundu, mengine chini na mengine juu. Hewa ya baridi iingie chini, yenye joto itokee juu. Bila matundu, maji yatabaki humo humo.

Umeme ulipofika kwetu, mimi nami nilijifanya fundi. Nikaning'iniza ndani ya kabati balbu ya wati 60, ile ya zamani yenye uzi. (Hizi za LED za siku hizi haziwezi kazi hiyo, joto lake ni dogo.) Waya niliunga kwa kusokota, nikafunga nailoni. Siku ya tatu sweta likaangukia balbu. Kumbe kioo chake hupita joto la maji yanayochemka! Mke wangu ndiye aliyesikia harufu. Sweta lilikwisha, na cheti changu cha ualimu mpaka leo kina ukingo mweusi. Watu wakiuliza, nasema ni panya.

Basi, hita ifungweje? Kazi ya kuunga umeme ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Lakini ni vizuri ujue anachokifanya. Akikuambia, "Mzee, hii inatosha," uweze kumjibu.

Hita hukaa chini kabisa, imekazwa kwa skrubu, na chini yake pana kipande cha bati. Hufunikwa kwa wavu wa chuma ili nguo ikianguka isiiguse. Waya nao una sharti lake. Waya wa kawaida umevikwa plastiki inayostahimili joto la nyuzi 70 tu. Karibu na hita utalainika. Mwambie fundi atumie waya wa kustahimili joto. Unapopenya ubao, upite ndani ya mpira usije ukachunika.

Ukichuna ngozi ya nje utaona nyaya tatu. Wa kahawia ni wa moto. Wa buluu hurudisha umeme. Wa kijani na njano ni wa ardhi, nao hufungwa kwenye bati la hita. Wapo mafundi wanaoukata huu wa tatu, eti hauna kazi. Usikubali! Siku waya wa moto utakapogusa bati, huu ndio utakaoupeleka umeme ardhini na kuikata fyuzi. Usipokuwepo, umeme utamngoja mtoto anayefungua kabati.

Tazama na fyuzi yenyewe. Plagi nyingi huuzwa na fyuzi ya ampia 13. Hiyo ni ya pasi na birika, hupitisha karibu wati 3,000. Hita ya wati 60 hula robo tu ya ampia. Weka fyuzi ya ampia 3. Ukiiacha ile kubwa, waya mwembamba unaweza kuungua kabla fyuzi haijakatika.

Na gharama? Wati 60 mchana na usiku ni yuniti 43 kwa mwezi. Ukiwasha saa 10 za usiku tu, ni yuniti 18. Ikiwepo themostati, kidude kinachokata umeme joto likitosha, zitapungua zaidi.

Kabla ya kununua chochote, sogeza kabati mbali na ukuta, upana wa kiganja. Liinue juu ya matofali, wala usitie humo nguo mbichi. Mimi nilifanya hivyo baada ya sweta kuungua, na viatu vikapona. Vyeti ndivyo vilivyonilazimisha kumwita fundi.