Suke la Ngano Kwenye Paleti

Je, wajua maana ya suke la ngano lililochomwa kwenye ubao wa paleti? Simama kwa fundi wa samani za paleti, awe wa Dar es Salaam au wa Nairobi, umwombe akuoneshe ubao wa pembeni kabla hajaupiga randa. Mara nyingi utaukuta muhuri huo: suke, kando yake herufi mbili za nchi (CN ni China, KE ni Kenya, TZ ni Tanzania), namba ya kiwanda, kisha HT au MB. HT inasema mbao zilipashwa moto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi na kukaa hapo dakika 30 mfululizo. MB inasema zilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, ambayo nchi nyingi zimeiacha kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni.

Mbao za kubebea mizigo zinapikwa kwa sababu ya wadudu waliomo ndani yake. Paleti na makreti hutengenezwa kwa mbao za bei ya chini, nyingine zikiwa bado na gome. Kabla ya muhuri huo, bandarini afisa alikagua vigae au mashine. Kilichobeba vigae hakuna aliyekuwa akikitazama.

Kaskazini mashariki mwa Asia kuna mbawakawa wa kijani kinachometameta, urefu wake sentimita moja hivi, ambaye wanasayansi wanamwita Agrilus planipennis. Chakula chake ni miti ya eshi (kwa Kiingereza ash). Miti ya kwao imeishi naye tangu zamani na inajua kujikinga, kwa hiyo hushambulia zaidi mti uliokwisha kudhoofika. Jike hutaga kwenye nyufa za gome. Buu akianguliwa hupenya ndani na kubungua tabaka laini lililo kati ya gome na mbao, akiacha vijia vinavyojipinda kama nyoka. Tabaka hilo ndilo linaloshusha chakula kutoka majanini hadi mizizini. Mabuu wakiwa wengi, vijia vyao hukutana na kulizunguka shina, na mti unakuwa sawa na ule uliobambuliwa gome pande zote: unakufa wima, ndani ya miaka michache.

Mwaka 2002 miti ya eshi ilikuwa inakauka viungani mwa Detroit, Marekani. Mbawakawa waliokutwa humo hawakutambulika mara moja. Sampuli zikapelekwa hadi Slovakia, na huko mtaalamu Eduard Jendek ndiye aliyewataja kwa jina, mwezi Julai. Baadaye watafiti walisoma pete za miaka katika miti iliyokufa, wakagundua kwamba mdudu alikuwa ameshaanza kuiua tangu miaka ya 1990, na inaelekea alifika na mbao za kufungashia mizigo. Miaka hiyo yote hakuonekana, kwani huanza na matawi ya juu, na tundu analotokea ni la milimita tatu au nne, lenye umbo la herufi D. Nani ataliona akiwa chini?

Kinachoniuma zaidi ni tarehe. Kanuni ya kimataifa iliyoleta muhuri wa suke ilipitishwa mjini Roma, chini ya FAO, mwezi Machi 2002. Ilichochewa na wadudu waliotangulia, kama yule mbawakawa wa pembe ndefu aliyekutwa kwenye miti ya Brooklyn mwaka 1996. Ilikuwa kanuni nzuri, lakini kwa eshi za Detroit ilikuwa imechelewa karibu miaka kumi.

Kutoka Detroit watu wenyewe ndio waliombeba mbawakawa wa eshi, kwa miche na kwa kuni za kwenda kuotea moto kambini. Huko Ontario, Kanada, eshi zote zilifyekwa kwenye ukanda wa upana wa kilomita 10 hivi ili kumkatia njia, kumbe alikuwa ameshavuka. Mwaka 2003 alionekana Moscow. Makumi ya mamilioni ya miti yamekufa Amerika Kaskazini, na mwaka 2021 serikali ya Marekani iliondoa karantini yake ya kitaifa, ikaweka tumaini kwa nyigu wadogo kutoka Asia wanaotaga kwenye mayai na mabuu ya mbawakawa huyo. Geoffrey Donovan na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2013, walikuta kwamba wilaya zilizovamiwa zilikuwa na vifo zaidi vya maradhi ya moyo na ya mapafu. Wenyeji wa asili wa eneo la Maziwa Makuu ya huko, ambao tangu enzi za mababu husuka vikapu kwa eshi nyeusi, sasa wanahifadhi mbegu zake ili wajukuu wawe na cha kusukia.

Sisi wa Afrika Mashariki nasi tuna mvamizi wetu. Dumuzi, anayegeuza mahindi kuwa unga ghalani, ni mbungua mbao wa misitu ya Amerika ya Kati. Aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo, mahindi yakiisha ghalani, anaweza kuishi kwenye miti mikavu porini. Ndiyo maana kusafisha ghala peke yake hakumwondoi.

Kwa hiyo rudi kwa yule fundi. Ubao wenye suke, apige randa bila wasiwasi, ila wenye MB asiutumie kwa kitanda cha mtoto. Usio na suke, uliotoka ng'ambo ukiwa na gome, autazame pande zote. Akiona unga laini wa mbao umemwagika chini na matundu mapya ubavuni, paleti hiyo isiende popote. Awaite wakaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS kwa Kenya, TPHPA kwa Tanzania, siku hiyo hiyo.