Atakaye Samaki wa Bahari na Aanze na Maji

Samaki aliyenaswa leo asubuhi kwa wavu mdogo wa mkono katika miamba ya Kilifi au Shimoni huenda, kabla ya juma kwisha, akawa anaogelea ndani ya tangi la kioo sebuleni mwa mtu huko Ujerumani au Marekani. Biashara hii ya samaki wa mapambo imekuwako katika Pwani yetu kwa miongo kadhaa, na wapo wapiga mbizi wanaolisha watoto wao kwayo. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mnunuzi mwenye pupa, awe anaishi Hamburg au Nairobi, anayetaka mwamba wa bahari nyumbani mwake na kuanza na samaki ilhali hajayajua maji.

Pupa hiyo haikuanza jana. Mnamo 1846, Bi. Anna Thynne, mke wa kasisi wa London, alichukua matumbawe hai kutoka Torquay akaenda nayo mjini. Kwa kuwa bahari ilikuwa mbali, mtumishi wake alipewa kazi ya kuyamimina maji kutoka chombo hiki hadi kile, mbele ya dirisha lililo wazi, ili yapate hewa. Matumbawe yakaishi. Bibi huyo hakuwa na umeme wala pampu, lakini alikuwa na subira. Waliomfuata hawakuwa nayo. Philip Henry Gosse alipochapisha kitabu chake, The Aquarium, mwaka 1854, Waingereza walishikwa na wazimu wa kufuga viumbe wa bahari majumbani, wakamiminika ufuoni kuvikusanya. Mwanawe, Edmund Gosse, aliandika mwaka 1907 akisikitika jinsi vidimbwi vya miambani alivyovijua utotoni vilivyoporwa na wakusanyaji hao.

Je, kosa la mwenye pupa ni lipi hasa? Hebu tumfuate. Ananunua tangi la lita 200, analijaza maji, anatia chumvi, na siku ya pili anatia samaki sita. Samaki hula, na kinyesi chao pamoja na masalio ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Baharini, amonia hiyo haipati nafasi ya kudhuru, kwa kuwa bakteria wasiohesabika waishio juu ya mawe na mchangani huigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Bakteria wa aina nyingine huigeuza kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni hafifu zaidi. Tangi jipya halina jeshi hilo. Bakteria huhitaji majuma manne hadi sita, pengine zaidi, kuzaana hadi watoshe. Isitoshe, maji ya bahari yana pH ya takriban 8.2, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi ukali. Ndiyo maana aliyefuga samaki wa maji baridi kwa miaka bila tatizo aweza kuua wa bahari katika juma moja. Baada ya vifo hivyo hulaumu aliyemuuzia, kisha hununua wengine sita.

Alhasili, mfugaji wa kweli hafugi samaki. Hufuga bakteria, na samaki huja baadaye kama wageni. Mtu wa Jakarta aitwaye Lee Chin Eng alilidhihirisha hilo mwaka 1961, alipoueleza ulimwengu kwamba aliyaweka matumbawe hai kwa kutumia mawe yaliyotolewa baharini na viumbe wake, mwanga, na mapovu ya hewa, basi. Wataalamu wa Ulaya waliokuwa wakiyachemsha na kuyasugua mawe yao hadi yawe meupe walichukua miaka mingi kumwelewa.

Matumbawe yenyewe ni mtihani mwingine. Ndani ya mwili wa tumbawe huishi mwani mdogo mno unaotengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Taa ikiwa dhaifu, tumbawe huona njaa. Joto likizidi, hufukuza mwani huo na kubaki jeupe. Ndivyo ilivyokuwa katika Pwani yetu mwaka 1998, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida na sehemu kubwa ya matumbawe ikafa. Tena tumbawe hujijengea mifupa kwa kalsiamu, takriban miligramu 400 katika kila lita, ambayo baharini haipungui lakini tangini lazima irudishwe kwa mkono. Na umeme ukikatika usiku, jambo tusilohitaji kufafanuliwa, pampu husimama na hewa ikaanza kuwaishia wote.

Kuna samaki mmoja ambaye, kwa maoni yangu, hafai kuuzwa kabisa. Ni yule mwembamba mwenye mstari mweusi na rangi ya buluu ambaye kazi yake ni kuwasafisha wenzake kwa kuwala wadudu waliowaganda. Yeye ni miongoni mwa wanaosafirishwa kwa wingi kutoka Kenya. Tangini wadudu hao hawapo wa kutosha, na mara nyingi hukonda hadi kufa. Huku nyuma, mwamba hubaki bila tabibu. Watafiti walioondoa samaki hawa katika baadhi ya miamba ya Lizard Island, Australia, walikuta baada ya miaka kadhaa kwamba hata samaki wa aina nyingine walikuwa wamepungua hapo. Kwa nini basi tuuze tabibu kwa bei ya pambo? Yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari mieupe amekuwa akizalishwa matangini tangu miaka ya 1970, na vipande vya matumbawe hukuzwa humo pia. Mnunuzi wa ng'ambo anaweza kuanza na hao.

Nasikia mwalimu akiuliza shule yake, isiyo na fedha za taa wala pampu, ifanye nini. Iliyo karibu na Malindi au Watamu, ambako mbuga za baharini zimelindwa tangu 1968, na iwapeleke wanafunzi mwambani maji yanapokupwa, bila nyundo na bila ndoo. Iliyo Kitui au Kakamega na ichukue ndoo ya lita 20, itie gramu 700 za chumvi, kisha iiache dirishani. Wanafunzi wapime kimo cha maji kila asubuhi. Maji hupaa, chumvi haipai. Lita moja ikitoweka, gramu 35 za kila lita zimekuwa karibu 37. Wakokotoe wenyewe ni maji gani ya kuongezea, ya chumvi au baridi, na kwa nini.