Kutendua Kuna Gharama Yake

Ubishi kuhusu michoro ya vitabu na magazeti huanzia pale pale kila mara: mchoraji wa kweli ni yule wa wino na rangi za maji, au huyu anayetelezesha kalamu ya plastiki juu ya kioo cha tableti? Wa kwanza wanadai kompyuta inamchorea mtu. Wa pili wanadai karatasi imepitwa na wakati. Wote wanatazama kifaa, na kwa kutazama kifaa wanapitwa na jambo kubwa zaidi, nalo ni wakati ambapo uamuzi wa mchoraji haurudi nyuma tena. Kila zana ina wakati wake wa kumfunga mtu. Rangi ya maji humfunga mapema, tena bila huruma. Tableti humwacha huru mpaka faili liende kiwandani, na mara nyingine hata baada ya hapo. Ukilielewa hilo, mengi katika kazi hii yanaeleweka: bei, ratiba, mivutano na mchapishaji, hata sura ya picha yenyewe.

Chukua mbingu ya kawaida katika kitabu cha watoto, buluu iliyokolea juu na kufifia kuelekea chini. Mchoraji wa rangi za maji hutumia karatasi nzito, mara nyingi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, akaibandika ubaoni kwa utepe isijikunje. Huinamisha ubao kidogo, kisha hupitisha brashi iliyoshiba rangi kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kwenye ukingo wa chini hubaki mchirizi wa maji, na mchirizi huo ndio anaouburuza kushuka, mpito baada ya mpito, huku akizidisha maji na kupunguza rangi. Akisita, unakauka na kuacha mstari. Akirudi kupagusa mahali palipokauka nusu, maji mapya yanaisukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za mikunjomikunjo kama ua la koliflawa. Doa hilo halifutiki kwa namna ya kuridhisha. Kwa hiyo maamuzi makubwa hufanyika kabla brashi haijaloweshwa, hasa mahali pa kuacha weupe wa mawingu, maana weupe huo ni karatasi yenyewe. Mwingereza Quentin Blake, aliyevichorea vitabu vingi vya Roald Dahl, ameeleza jinsi anavyoweka rasimu chini ya karatasi safi juu ya sanduku la taa. Rasimu huonekana kwa kufifia tu, hivyo haiwezekani kuinakili mstari kwa mstari; inamkumbusha kichwa kiko wapi na miguu iko wapi, na mstari wenyewe anauchora upya kwa wino. Ule mstari wake unaoonekana kama umetupwa kwa haraka umetanguliwa na kufikiri kwingi.

Karibu na kwetu upo ushahidi wa aina nyingine. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za mafuta za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Hakuwa mchoraji wa vitabu, lakini picha zake zinaonyesha vizuri jinsi zana inavyopanga utaratibu wa kuamua. Rangi ile haifanyi ukungu laini wa rangi za maji na hukauka taratibu, kwa hiyo mandhari ya nyuma hupakwa kwanza na kusubiriwa, halafu mnyama, halafu madoa na mistari. Ule mtindo wa rangi bapa na kingo kali, ambao watalii huuchukua kama hulka ya Kiafrika, kwa kiasi kikubwa ni tabia ya kopo la rangi.

Tukija kwenye kompyuta, historia yake ina jambo ambalo pande zote mbili za ubishi hulisahau. Photoshop ilipotoka mwaka 1990 iliruhusu kutendua hatua moja tu. Tabaka, zinazomwezesha mtu kutenga mstari, rangi na kivuli bila kimoja kugusa kingine, zilikuja mwaka 1994. Uwezo wa kurudi nyuma hatua nyingi mfululizo ulifika mwaka 1998. Leo Procreate, programu maarufu ya iPad, inaruhusu kurudi hadi hatua 250. Maana yake ni kwamba waliochora kwa kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1990 walifungwa mapema, karibu sawa na watu wa wino, na waangalifu kati yao walihifadhi nakala kadhaa za faili kabla ya kujaribu jambo lolote zito. Kompyuta ilikuwapo, ila uhuru wa kuahirisha maamuzi haukuwapo bado.

Wapo watakaosema kwamba hata hivyo, picha ya karatasi ni ya mkono na picha ya tableti ni ya mtambo. Hoja hii haisimami mbele ya historia ya vitabu. Beatrix Potter alipochapisha kwa fedha yake nakala 250 za hadithi ya sungura Peter mnamo Desemba 1901, michoro karibu yote ilikuwa nyeusi na nyeupe. Toleo la Frederick Warne la mwaka 1902 ndilo lililotoka kwa rangi, na rangi hizo zilipatikana kwa kupiga picha michoro yake na kuitenganisha katika wino tatu. Eric Carle alipaka rangi karatasi nyepesi, akazikata na kuzigandisha, lakini kitabu chake cha kiwavi mwenye njaa cha mwaka 1969 kilichapishwa kwanza Japani kwa sababu matundu kwenye kurasa yalikuwa ghali mno kwa viwanda vya Marekani. Shaun Tan wa Australia alichora The Arrival, kilichotoka mwaka 2006, kwa penseli juu ya karatasi, kisha akaipa michoro rangi yake ya kahawia ya picha za kale kwa kompyuta. Mchoro wa kitabu tangu zamani ni kitu kinachoelekea mtamboni. Msomaji hajawahi kushika karatasi ya mchoraji, anashika chapa.

Hapo ndipo uhuru wa tableti unapoanza kudai malipo. Kioo hutoa rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Kiwanda hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na nyeusi. Kijani kinachowaka kwenye kioo hutoka kimefubaa karatasini, na asiyefunga uamuzi wa rangi mapema huyaona hayo kitabu kikiwa tayari kimefungwa kwa gundi. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508, na mchoraji anaweza kuukuza mpaka jicho la mhusika lijaze kioo kizima. Anaweza kupoteza saa nzima kwenye kope ambazo kitabuni hazitafika milimita moja. Mtego mwingine ni wa nguo. Kanga ina pindo, mji na jina, na mama akijifunga, mapambo yote hayo hufuata mikunjo na kuvunjika kiunoni. Wa karatasi hana njia ya mkato. Atachora mkunjo baada ya mkunjo. Wa tableti anaweza kubandika picha ya kanga juu ya umbo kwa sekunde mbili, na mama akatoka kama kibao cha matangazo. Programu ina zana za kupinda mapambo yafuate mwili, lakini kazi iliyoahirishwa huwa rahisi kuisahau.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi: faili halina nakala halisi ya kuuza au kutundika. Ni kweli, na kwa mchoraji hilo ni pato lililopotea. Lakini faili linafanya kazi ambayo karatasi haiwezi. Kwa mradi wa African Storybook, ambao hutoa hadithi za watoto kwa leseni huria, mchoro mmoja unaweza kubeba hadithi hiyo hiyo kwa Kiswahili, Kiluganda au Kinyarwanda, mradi maneno hayakuchorwa ndani ya picha. Kuhusu mafunzo, nakubaliana na walimu wanaoanza na penseli, ingawa kwa sababu tofauti na yao. Wao husifu uhalisi wa mkono. Mimi naona faida katika kufungwa mapema: mwanafunzi asiyeweza kutendua hujifunza kuona picha kabla haijawapo.

Programu zinazotunga picha kutokana na maneno zimeusogeza uamuzi mbali zaidi, mpaka nyuma ya picha iliyokwisha. Mtumiaji huchagua kati ya majibu. Hilo linaweza kutosha kwa tangazo la siku moja. Kitabu cha kurasa 24 kina mtoto mwenye pengo lile lile, kikapu kile kile, mlango unaofungukia upande ule ule, na kila kimoja kilihitaji mtu aliyejua kwa nini kiko hapo.

Kwa hiyo wachoraji wazoefu hufunga kwa mkataba kile ambacho tableti haikifungi. Rasimu huidhinishwa kwanza, kisha mstari, kisha rangi, na badiliko linalorudi kwenye hatua iliyokwisha kuidhinishwa hulipiwa. Mchapishaji hulalamika kwamba kompyuta hugeuza shati la buluu kuwa jekundu kwa sekunde moja, na anasema kweli kuhusu kompyuta. Kinachomla mchoraji alasiri nzima ni kupitia kurasa nyingine 23 aone kama shati jekundu haligombani na paa, jua na nyanya, ambavyo vyote vilipangwa kulizunguka lile la buluu.