Kuchagua Mipira ya Gari la Matopeni

Mwenye gari akaaye Mowlem, mashariki ya Nairobi, hana haja ya kusafiri mbali ili ajue matope ni nini. Sehemu hizo zina udongo mweusi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na wakati wa masika hunata kama ulimbo. Udongo huo huyajaza meno madogo ya mpira hata gurudumu likawa laini kama chungu, likazunguka pasipo kusogea. Kwa hiyo yafaa meno yawe makubwa na yaachane, ili matope yarushwe nje. Lakini ashindaye katika lami asivutwe na ukali wa meno hayo, kwani hupiga kelele na kuisha upesi.

Kisha na asome maandishi ya ubavuni. 235/85 R16 maana yake ni upana wa milimita 235, kimo cha ubavu asilimia 85 ya upana huo, na ringi ya inchi 16. Akitia mpira mrefu kupita kiasi, utakwaruza madigadi, na saa ya mwendo itaonyesha pungufu ya mwendo wenyewe. Udhuru huo askari wa barabarani hataupokea.

Ringi ya chuma ikipindika, mara nyingi fundi aweza kuigonga ikanyoka. Ya aluminiamu, pamoja na uzuri wake, huenda ikapasuka.

Anunuaye mpira uliokwisha tumika atazame tarakimu nne zimalizazo maandishi ya DOT: 1423 ni juma la 14 la mwaka 2023. Meno yaweza kuwa mazima, na mpira wenyewe umekwisha kukauka.