Simu Yangu au ya Muuzaji?

Juma lililopita niliingia duka moja jijini Nairobi kuitazama simu iliyotoka majuzi. Bei taslimu ilikuwa shilingi 24,000. Muuzaji, kijana mwenye ulimi wa asali, alinisihi niichukue kwa mkopo: nitangulize 4,000, kisha nilipe 100 kila siku kwa mwaka mzima.

"Mia moja ni nini, mwalimu?"

Ni 40,500, mwishowe! Wenyewe huuita mtindo huu 'lipa mdogo mdogo'. (Sarufi ingependa 'kidogo kidogo', lakini sikwenda pale kusahihisha.) Kilichonitia hofu zaidi ni kufuli. Ukikosa kulipa, simu hufungwa kutoka mbali. Mwanafunzi wangu mmoja alifungiwa hivyo usiku wa kuamkia mtihani, na maandishi yake yote yalikuwamo humo.

Nikauliza: programu za usalama zitaendelea kutolewa kwa miaka mingapi? Google, ilipotoa Pixel 8 mwaka 2023, iliahidi saba. Kijana aligeuzageuza kasha, akanyamaza.

Zile 4,000 nimeziweka akiba, na kila jioni naongeza mia moja. Siku ya 200 nitarudi dukani na taslimu yangu, na huenda bei itakuwa imeshuka.