Jembe na Pumzi

Bei ya mahindi ikianguka, Sumbawanga watu hulala macho. Mimi dawa yangu ni jembe. Mvua zikikaribia kwisha, sisi Wafipa hufukia majani kwenye vichuguu vya udongo, intumba, yaoze yawe mbolea. Nainua jembe nikivuta pumzi; nalishusha nikiitoa polepole. Si uganga huo: pumzi ikitoka taratibu, neva inayoshuka kutoka ubongoni hadi kifuani huupunguzia moyo mapigo.

Huna shamba? Kaa kitako, vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, kwa dakika 5. Simu iache chumba kingine; kundi la WhatsApp la bei za mazao halijawahi kumtuliza mtu. Usingizi ukikukimbia wiki mbili mfululizo, nenda kituo cha afya, usione haya.